Mti wa Plamu Uliokataa Kuugua

Watu wa Brezovac wakitaka kumsengenya Vitomir Lazović husema ni mwanaume aliyeoa miti. Mimi ni jirani yake, ua wangu umepakana na wake tangu nilipoolewa hapa, na kila nikisikia maneno hayo dukani mkono unaniwasha. Kweli, mkewe Ruža alikwenda Vienna kumlelea binti yao watoto na hakurudi tena. Lakini waliobaki na wake zao wameacha nini cha maana katika vilima hivi, zaidi ya matumbo na kelele?

Kwetu Serbia mtu wa vilimani haulizwi analima nini. Ni plamu tu. Tunazila, tunazikausha, tunazipika kwenye sufuria kubwa bila sukari mpaka ziwe nyeusi, na zinazobaki tunazitengeneza rakia, pombe yetu kali, na ukweli ni kwamba zinazobaki ndizo nyingi. Nilipokuwa msichana ilikuwa plamu ya aina moja, ile ya kikwetu, ndogo, ya samawati, inayoachana na kokwa yake ukiibonyeza kwa vidole viwili. Kisha sharka ikaingia. Ni ugonjwa wa virusi. Majani yanatoka miduara iliyopauka, tunda linapata mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na kabla ya kuiva linaanguka. Mti haufi upesi. Unasimama pale miaka na miaka, unakuangalia, haukupi kitu.

Mzee Obrad, baba yake Vitomir, ndiye aliyekuwa fundi wa kubebesha miti katika kijiji chote. Ikifika Machi kila nyumba ilimwita. Alikuja na kisu chake kidogo na mfuko wa vikonyo, yaani vile vijiti alivyokata kwenye miti yake mwenyewe, akapasua shina changa, akachomeka kikonyo, akafunga kamba, akapaka nta, akanywa rakia yake akaenda zake. Kikonyo alichokiweka Obrad kilishika. Hilo lilikuwa jambo la kutegemewa kama jua kuchomoza. Wanawake tulimpenda kwa sababu alikuwa na heshima, na wanaume walimwonea wivu kwa sababu tulimpenda.

Basi Vitomir alikwenda mjini kusomea kilimo, akarudi. Mwaka huo, Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola ambaye ndiye mtakatifu wa ukoo wao, nyumba ilikuwa imejaa wageni, mkate wa sikukuu uko mezani, mshumaa unawaka. Mtu mmoja akalaani sharka na wadudu wanaoieneza. Vitomir, kijana wa miaka ishirini na ushee, damu inachemka, akasema mbele ya wote:

"Wadudu wanaisogeza hatua moja moja. Kutoka nyumba hadi nyumba imepelekwa na kisu cha baba."

Niliona kwa macho yangu Mzee Obrad akiweka chini glasi. Hakupiga kelele. Aliinuka, akatoka kwenda kuwaangalia ng'ombe, na hakurudi mezani mpaka wageni walipoondoka. Na kibaya zaidi ni kwamba mtoto alikuwa amesema kweli. Kikonyo cha mti mgonjwa kinakwenda na ugonjwa wake, na mzee alikuwa amevigawa kwa upendo, hata harusini, hata kwa wajane bila malipo. Lakini kuna ukweli wa kusemea zizini mkiwa wawili, na kuna ukweli wa kusemea mezani. Vitomir hakujua tofauti, na alikuja kujua baadaye sana.

Tangu siku hiyo baba na mwana waliishi nyumba moja, wakala meza moja, wakazungumza juu ya kuni, nyasi, mvua na mchezo wa mpira. Plamu hawakuzungumza. Jambo la plamu likiwabana, waliniita mimi niwapitishie.

"Dada Stanojka, mwambie mzee ule mti wake wa nyuma ya zizi umeoza kwa sharka, ukatwe."

"Binti, mwambie huyo msomi kwamba mti ule niliupanda siku aliyozaliwa. Akitaka kuukata aanze na mimi."

Wote wawili wako hapo hapo uani, umbali wa kutemeana mate, nami katikati na ndoo ya maziwa! Niliwaambia mara ngapi kwamba mimi si posta.

Sasa ndio mjue kazi ya Vitomir. Alikuwa bwana shamba wa ushirika mpaka ushirika ulipokufa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kipande chake cha ardhi juu ya kisima. Aprili, miti ikichanua, alipanda ngazi akayafungua maua kabla hayajafunguka yenyewe, akang'oa vijiuzi vya kiume kwa kibano, akapaka chavua ya mti mwingine kwa kijibrashi, kisha akalifunika ua kwa mfuko wa karatasi. Alichukua plamu ya kikwetu, tamu na dhaifu, akaiozesha na plamu za porini zilizokuwa chungu lakini hazishikiki na ugonjwa. Kokwa akazipanda. Miche ikikua aliibandika jicho, yaani kichipukizi, la mti mgonjwa, kwa makusudi, ili aone. Mingi ilitoa miduara. Aliing'oa akaichoma moto. Michache iliyokataa ugonjwa alisubiri izae, na kusubiri plamu izae kutoka kwenye kokwa ni kazi ya mtu mwenye roho ya jiwe. Ikizaa, tunda lake ukilitafuna unadhani umetafuna kiazi kibichi. Anang'oa tena. Anaanza tena. Ndivyo zilivyokwenda nywele zake, ndivyo alivyokwenda Ruža.

Alitafuta mti wa namna ya ajabu. Alinieleza siku moja tukichambua maharage. Alisema kuna mti ambao virusi vikiugusa, pale palipoguswa panakufa papo hapo, na ugonjwa unakosa njia ya kupita.

"Kwa hiyo mti unajiua?" nikamuuliza.

"Unaua sehemu yake ndogo ili uliobaki upone. Doa dogo la jani linakauka, basi."

"Na ukiingiziwa ugonjwa mwingi kwa pamoja?"

"Hapo utakufa wote. Hautakubali kuugua, dada. Utakufa, lakini hautaugua."

Na aliupata. Mche mmoja, katika yote, ulikataa. Alichukua vijiti vyake akavibebesha juu ya miti migonjwa ili kuhakikisha, na vyote vikakauka, vikawa vyeusi, naye akarukaruka kwa furaha kila kilipokufa kimoja. Gvozden mwenye duka alicheka mpaka akashika mbavu. "Vitomir, dawa gani hiyo inayotangulia kaburini kabla ya mgonjwa?" Vitomir hakujali. Alikuwa amebakiwa na swali moja tu: tunda.

Tunda lilikuja Septemba, miaka miwili iliyopita. Machache tu, yangeenea kwenye kofia. Aliniletea moja nikiwa nafua, akasimama pale. Nikalibonyeza kwa vidole viwili likaachana na kokwa. Nikatia mdomoni. Jamani. Nilikuwa mtoto tena jikoni kwa mama yangu. Nililia pale pale mikono ikiwa na povu, na yeye akalia, tukawa wazee wawili wajinga tunalia mbele ya karai la nguo.

Mengine aliyaweka kwenye sahani mezani mbele ya baba yake, akatoka. Nilibaki nione. Mzee Obrad, karibu miaka tisini, alikula moja. Akala la pili taratibu.

"Si mbaya," akasema. "Limekosa baba tu."

Nilidhani ni kiburi chake. Sasa najua alikuwa anasema kile alichokiamini: kwamba plamu haina budi kutoka kwenye plamu ya mtu fulani, iliyotoka kwa baba yake, iliyotoka kwa babu. Ule ulikuwa mti usio na ukoo.

Wakati wa kubandika macho kwenye miche ulikuwa umepita, kwa hiyo Vitomir alipanga akate vikonyo mwishoni mwa majira ya baridi, mti ukiwa bado umelala, avifukie kwenye mchanga wenye unyevu chini ya nyumba, na Machi abebeshe miche mingi. Mpaka hapo ulikuwa mti mmoja tu duniani kote. Februari tumbo likamshika, akabebwa kupelekwa hospitali ya mjini, akapasuliwa, na jeraha likaingia usaha. Siku zikapita. Theluji ikaanza kuyeyuka kwenye kingo za shamba, na macho ya miti yakaanza kuvimba.

Nilikuwa jikoni kwao nikimkandia mzee unga wa pai simu ilipolia. Aliiweka sauti ya juu kwa sababu hasikii vizuri. Vitomir alisikika kama anaongea kutoka ndani ya pipa.

"Baba... wakati umefika. Macho yatafumuka. Nikatie vikonyo vya ule mti wangu, wa kisimani. Usichelewe."

Uso wa mzee ulibadilika, siwezi kuueleza. Aliinuka na simu mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake kanisani.

"Vikonyo? Unataka nikukatie vikonyo mimi?"

"Ndiyo, baba. Vizuri, vyenye macho mazuri, halafu—"

"Usiseme zaidi, mwanangu, utachoka! Nimekuelewa! Lala! Baba yako yupo!"

Akakata simu. Akakaa, akajifuta macho kwa kiganja. "Umesikia, binti? Amevitaka."

Nilisikia, na sikuelewa walichokuwa wakielewana. Mimi ni mtu wa jikoni, nilidhani wamepatana na nikamshukuru Mungu. Neno lenyewe, hilo "vya", ni dogo namna gani! Maziwa ya ng'ombe yametoka kwa ng'ombe, na chakula cha ng'ombe ni cha kumpa ng'ombe. Vitomir alitaka vikonyo vitokavyo kwenye mti wake. Mzee alisikia vikonyo vya kuwekwa kwenye mti wake. Na angesikiaje vinginevyo? Maisha yake yote kikonyo kilitoka kwa baba kikaenda kwa mwana. Sasa mwana aliyemwaibisha mbele ya wageni, anaumwa, anaita kutoka kitandani, anaomba kikonyo cha baba.

Alikwenda siku ile ile. Hakukubali nimsindikize. Alikata vijiti kwenye mti wa nyuma ya zizi, ule wa kuzaliwa kwa Vitomir, wenye sharka mpaka kwenye mizizi. Kwenye mti wa kisimani alikata kichwa chote kwa msumeno, akaacha shina fupi lenye nguvu, akapachika vikonyo kuzunguka. Aliporudi magoti yake yalikuwa matope na alikuwa anaimba.

Vitomir aliruhusiwa zikiwa zimepita wiki mbili au zaidi kidogo. Gvozden alimleta na gari lake. Mzee alikuwa anamngoja langoni amevaa koti la kanisani, akamshika mkono akampandisha mpaka kisimani polepole, jeraha bado bichi, mimi nyuma yao.

Vitomir aliangalia. Aliangalia kwa muda mrefu. Kamba zimefungwa vizuri, nta imepakwa vizuri, hakuna kilichopinda.

"Umekata wapi vikonyo, baba?"

"Unauliza! Kwenye mti wako. Wa nyuma ya zizi."

"Na matawi yale uliyoyakata hapa yako wapi?"

"Nimefukizia nyama. Yametoa moshi mzuri sana, utaonja leo."

Nilimwona Vitomir akishika tumbo, nikadhani ni jeraha. Mzee alikuwa amemkazia macho, anasubiri, mtu wa miaka tisini anasubiri kama mtoto aliyeleta matokeo ya shule. Vitomir akamwekea mkono begani.

"Umefanya vizuri, baba," akasema. "Ahsante."

Alinieleza yote nyumbani kwangu, akiwa ameegemea ukuta. Ndipo nilipoelewa, nikashika kichwa.

"Shina bado zima?" nikamuuliza.

"Leo bado. Ningeving'oa leo na kukata chini yake, pengine lingechipua."

"Basi ving'oe! Unafanya nini hapa? Nipe msumeno niende mimi!"

"Umeuona uso wake, dada?"

"Uso! Miaka yote hiyo, Vitomir! Ruža! Maisha yako!"

"Nilishawahi kumwambia mara moja kwamba kisu chake kina sumu," akasema. "Siwezi kumwambia mara ya pili."

Nilimkasirikia na bado nimemkasirikia. Kila asubuhi alipanda kisimani, na najua alikuwa anaombea nini, kwa sababu nami niliombea hicho hicho: mkono wa Mzee Obrad uwe umezeeka. Vikonyo visishike. Vikikauka vyenyewe, mzee atasikitika kidogo, ataona ni uzee, na shina litabaki. Mtoto akimwombea baba yake mkono umkosee, hata sijui Mungu anaandika wapi sala ya namna hiyo.

Vilishika vyote. Macho yalifumuka mwezi wa nne, majani madogo yakatoka, ya kijani mbichi, na mzee alimwita kila apitaye njiani aje aone. Wiki chache mbele majani yakawa na miduara. Chini ya kila kikonyo gome la shina likaanza kuwa jeusi, weusi ukateremka, ukateremka, ukafika ardhini. Vitomir alichimba akakuta mizizi imekuwa kama masizi. Mti ulifanya kile kile alichosema utafanya.

Kijijini ikawa hadithi. Gvozden alisema dukani, "Mkono wa Obrad umekwisha sasa," na Vitomir aliyekuwa ananunua chumvi akakubali kwa kichwa. Akaliacha lienee. Mzee naye alilisikia. Kisu chake alikitundika kwenye msumari, na hakukishika tena, alikiangalia tu.

Septemba kifua kilimwangusha. Nilikuwa nao uani tukimenya pilipili hoho za kuchoma, mzee amewekewa kiti juani na blanketi, Vitomir anageuza pilipili juu ya moto. Mzee akaacha kumenya.

"Vitomir. Vile vikonyo vilishika?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza jambo la plamu uso kwa uso tangu ile sikukuu.

"Havikushika, baba. Palikuwa na baridi Machi ile."

"Mwongo mkubwa." Hakuwa na hasira. "Mimi nilifungua kamba mwenyewe nikaangalia. Vilikuwa vimeungana, huoni hata mshono. Sijawahi kuunganisha vizuri hivyo maisha yangu yote."

Vitomir alikuwa na pilipili mkononi inamuunguza na hakuiweka chini.

"Ni kisu changu tena, siyo?"

Vitomir akairudisha pilipili motoni.

"Na siku uliyorudi ulijua. Kwa nini hukuvitoa?"

"Ulikuwa umefurahi, baba."

"Mjinga wewe," mzee akasema. "Mjinga, mwanangu. Furaha yangu mimi ni ya mpaka lini? Ule mti ungekuwa na miaka mia." Akajifunika uso kwa blanketi, na kutoka humo ndani tukamsikia: "Kumbe ulikuwa umeupata. Ulikuwa umeupata kweli."

"Niliupata, baba."

Nilizima moto mimi, maana pilipili zote zilikuwa zimeungua na hakuna aliyeziona.

Tulimzika mzee kabla ya siku ya Mtakatifu Nikola. Vitomir alimimina rakia juu ya udongo kama inavyotakiwa. Aprili ilipokuja miti ilichanua juu ya kisima, na ngazi yake ilibaki imeegemea ghala. Nilimwambia aanze tena. Nilimwambia kwa ukali, ndivyo nilivyo.

"Nina miaka sitini na ngapi, dada?" akaniuliza. "Na ile ladha aliijua baba, na wewe, na mimi. Sasa tumebaki wawili. Nikiupata mwingine, nani ataniambia kama ndiyo yenyewe?"

Nikamwambia nitamwambia mimi. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa ili aamini. Lakini usiku na mchana najaribu kuikumbuka, ninapofua, ninapokanda unga, na kuna siku inakuja, na kuna siku, Mungu anisamehe, haiji kabisa.